Vidole Vitatu vya Mke Wangu

Mke wangu alizaliwa upande wa Chebunyo, kwa watu wa ng'ombe, na mpaka siku niliyomwoa hakuwa amewahi kushika jani la chai likiwa bado shambani. Alipofika kwetu, kwenye ekari moja na nusu ambayo baba yangu alinigawia kando ya barabara ya kwenda Bomet, alisimama mlangoni akaitazama chai yote ile, kisha akauliza, "Sasa hii yote inachunwa na nani?" Mama yangu alicheka sana. Siku ya pili yake alimfunga aproni ya plastiki kiunoni na kumvika kikapu mgongoni.

Mwaka wa kwanza alichuna polepole, akiinama na kukagua kila chipukizi. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa ametuacha nyuma sote, mama yangu pia. Jumamosi nilizoea kwenda kumsaidia, na mara nyingi nilijikuta nimesimama tu namtazama. Hakuwa anaangalia mikono yake. Alikuwa akiongea na jirani wa ng'ambo ya kijito kuhusu kwaya ya kanisa, uso umeelekea huko, huku vidole vikitangulia vyenyewe juu ya chai. Kidole gumba na cha kwanza vilikuta chipukizi, vikapapasa shina mahali ambapo ulaini unakwisha na ugumu unaanza, vikakata hapo hapo. Majani mawili na kichomozi. Vikikuta jani lililokomaa viliachilia na kuendelea. Siku moja nilimuuliza anajuaje.

"Mkono unajua," alisema. "Mimi siulizi."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Biolojia katika shule ya upili ya kutwa. Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha nne walipofika kwenye mada ya neva, nilichora ubaoni mkono na mshumaa, nikachora uti wa mgongo, nikaviunganisha kwa mishale. Niliwaeleza kwamba ngozi ina vipokezi vidogo visivyoonekana, vingine vya joto, vingine vya baridi, vingine vya mguso mwepesi kama wa unyoya, vingine vya maumivu. Moto ukigusa kidole, habari inakimbia kwa neva mpaka uti wa mgongo, na amri ya kuondoa mkono inarudi kabla hata ubongo haujapata taarifa. "Mkono unatoka kwanza," nilikuwa nawaambia, "halafu ndio unasikia mdomo umesema woi!" Darasa lilicheka kila mwaka mahali hapo hapo. Nilidhani mada hiyo naijua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimu wa mvua ndefu. Mke wangu alikuwa anampelekea mama yangu maziwa ya jioni, akiteremka njia ya udongo mwekundu, maziwa ndani ya chupa kubwa ya soda, ya glasi. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha mchana. Aliteleza. Mtu akianguka anatanguliza mkono, naye alitanguliza mkono uliobeba chupa.

Nilimsikia akiniita, si kwa kupiga kelele, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita wenzake waje kula. Nilipomfikia alikuwa ameketi kwenye matope, ameukandamiza mkono wa kulia tumboni, na aproni imejaa maziwa na damu. "Maziwa ya mama yamemwagika," aliniambia. Nilifungua mkono wake. Glasi ilikuwa imepita kwenye kifundo, upande wa ndani, mahali ambapo daktari anapima mapigo.

Katika kituo cha afya kilichokuwa karibu tulimkuta afisa wa kliniki, mzee mtulivu ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi. Damu ilikuwa imeanza kupungua. Alisafisha jeraha, akatayarisha sindano na uzi, kisha akaviweka kando. Alimwambia mke wangu atazame ukuta.

"Nitakugusa vidole na pamba. Nikikugusa, sema ndiyo."

Mke wangu alitazama ukuta. Kidole kidogo kilipoguswa alisema ndiyo. Halafu akanyamaza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa heshima, "Daktari, endelea basi."

Afisa alinitazama mimi. Alikuwa amegusa kidole gumba, cha kwanza na cha kati, kila kimoja mara mbili.

Alichukua pini akajaribu nayo. Hakuna. Kisha akamwambia, bila kumzungusha, "Mama, ngozi naweza kushona. Lakini kuna neva imekatika hapa, na hiyo si kazi yangu. Nitakufunga vizuri na nitakuandikia barua. Uende hospitali ya misheni kesho, usingoje kesho kutwa." Nimekutana na watu wengi wenye vyeo kuliko yule mzee. Si wengi ambao wangeweka sindano chini.

Daktari aliyempasua katika hospitali ile, upande wa Bomet, alivaa miwani yenye lenzi za kukuza, na uzi aliotumia, alituambia baadaye, ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Alikuja kitandani kutueleza. Alisema neva ni kama kebo ya simu, ndani yake kuna nyuzi maelfu. Upande wa chini wa mkato, kuelekea vidoleni, nyuzi zote zitakufa, na mifereji zilimopita itabaki mitupu. Kazi yake yeye ilikuwa kuunganisha kebo tu. Nyuzi zenyewe zitachipua kutoka juu, ziingie kwenye mifereji ile na kutambaa.

Mke wangu alikuwa amelala kimya na plasta mpaka kwenye kiwiko. "Zitachipua? Kama chai ikishakatwa?"

Daktari alicheka. "Kama chai, mama. Lakini chai inajua njia yake, ni juu tu. Hizi zinaweza kupotea. Iliyokuwa ya kidole hiki iingie kwa kile."

"Na zinatembea kwa mwendo gani?" niliuliza.

Aliinua kadi ya kliniki iliyokunjwa mara mbili, akanionyesha ukingo wake. "Unene huu, kwa siku. Siku zikiwa nzuri."

Niliporudi nyumbani nilitoa rula ya shule nikapima mkono wangu mwenyewe, kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Nusu mwaka na zaidi. Miaka yote nilichora ule mshale ubaoni kwa sekunde moja ya chaki.

Plasta ilipotolewa tulikabidhiwa kwa mama wa mazoezi, mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitalini. Ndivyo wagonjwa wote walivyomwita. Baba yake alikuwa ametoka kando ya ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, na yeye alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi huko Kericho, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mchunaji anahitaji nini mkononi. Alikuwa mrefu, hakucheka ovyo, na alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa takataka: vifungo, visoda, kipande cha gunia, kipande cha blanketi, pamba, msumari, mbegu za kila aina. Kabla ya kuufungua alifanya jambo jingine. Aliushika mkono wa mke wangu, akaanza kuugonga kwa ncha ya kidole chake, kutoka kiganjani akirudi nyuma kuelekea kifundo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.

Karibu na kovu mke wangu alishtuka. "Woi! Stima imenipiga!"

"Wapi?"

"Umegusa hapa, lakini imepiga kwa kidole. Kwa hiki kilichokufa."

Mama wa mazoezi alichukua kalamu akatia alama mahali pale. "Basi haijafa," alisema. "Hapa ndipo nyuzi zako zimefika leo. Mkirudi baada ya wiki mbili tutatafuta zimefika wapi."

Nilimwomba nami nijifunze kugonga. Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya kanisa niligonga, mke wangu akasema "hapo", nami nikapima kwa rula. Nakumbuka Jumapili ya kwanza ambayo alama ilikuwa imesogea. Ilikuwa imesogea upana wa punje ya mtama, lakini tulitazamana kama watu walioona mtoto akisimama dede. Ndani ya mkono wa mke wangu, chini ya ngozi, bila mtu kuamrisha, kitu kilikuwa kinatembea kwenda kilikozoea kuishi. Mimi ni mtu wa kanisa na mtu wa sayansi, na siku hiyo vyote viwili viliniambia ninyamaze.

Lakini ile miezi ilikuwa mirefu. Chai haingoji mtu. Akina mama wa kanisa walijipanga wakaja kutuchunia kila Jumatatu, na mke wangu, ambaye alikuwa amezoea kuwaacha nyuma, alikaa kando akiwapikia. Ni katika kupika ndipo tulipoona jambo lililonifanya niione aibu ile picha yangu ya mshumaa.

Alikuwa anaepua sufuria ya chai ya maziwa. Alizoea kuiepua kwa vidole, haraka haraka, kama wanawake wengi wa kwetu. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nikimweleza jambo la shule. Aliishika, akainyanyua, akaigeuza kuelekea mezani bila haraka yoyote, akinisikiliza. Kisha akakunja pua.

"Ni nini kinaungua?"

Kilikuwa kidole chake. Niliruka nikampokonya sufuria, nikajiunguza na kuiangusha, chai yote ikamwagika. Mkono wangu ulikuwa umeruka wenyewe kama nilivyofundisha. Wa kwake ulibaki pale pale umetulia, na yeye alikuwa anautazama kama mkono wa mgeni. Ngozi ya kidole cha kwanza ilikuwa imeanza kutoa lengelenge. Hakusikia chochote. Wakati huo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu aanguke.

"Hata kuungua siwezi," alisema.

Mama wa mazoezi alipoona kidonda hakumkemea. Alimweleza kwamba uti wa mgongo wake ni mzima na uko tayari kutoa amri wakati wowote, ila hakuna wa kuupelekea habari. "Maumivu ni askari wako, mama, na sasa hayuko kazini. Kwa hivyo macho yako ndiyo yatakuwa ngozi. Usishike kitu chochote cha moto bila kitambaa, na kila jioni ukague vidole kama unavyokagua miguu ya mtoto." Mimi nilikuwa nimefundisha maumivu kama mfano wa mtihani. Sikuwahi kufikiria kuyashukuru.

Mazoezi ya nyumbani tuliyafanya kabla ya chakula cha jioni. Niliweka karai la mahindi mezani, nikazika ndani yake kifungo, ufunguo, kisoda, haragwe. Yeye alifumba macho na kutafuta. Kwa wiki nyingi hakupata kitu. Alichomoa mahindi akayaita kifungo, alichomoa ufunguo akauacha uanguke bila kujua alikuwa nao. Watoto wetu wawili walikatazwa kucheka. Jioni moja alijaribu karibu nusu saa, nami nikasema neno ambalo nilidhani ni la kumtia moyo.

"Polepole, mama watoto. Hesabu inaonyesha bado milimita nyingi."

Alilisukuma karai mahindi yakasambaa sakafu nzima.

"Mwalimu," alisema, na hakuzoea kuniita mwalimu tukiwa nyumbani, "wewe unausoma mkono wangu kama kitabu. Mimi ndio ninakaa nao. Unajua ni nini kumshika mtoto uso na usijue kama ni uso?"

Nilipiga magoti nikaanza kuokota mahindi. Baada ya muda alishuka naye akaokota, kwa mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo niliacha kutaja milimita. Kama alitaka kujua aliuliza.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake, na hisia nazo zikaja, lakini si kama tulivyozingoja. Zilikuja kama siafu. Kidole gumba kilianza kuwasha na kuchoma, hata shuka likimgusa usiku aliondoa mkono. Mama wa mazoezi alifurahi kupita kiasi. Akatoa vitambaa kutoka kwenye mkebe akamwamuru avisugue kwenye vidole kila siku: pamba kwanza, halafu blanketi, mwisho gunia. "Vipokezi vyako vinaamka na hasira," alisema. "Vizoeze."

Halafu kukaja kule kupotea njia alikotuonya daktari. Nilimgusa kidole cha kwanza akiwa amefumba macho, akasema cha kati. Niligusa cha kati, akasema gumba. Alikuwa na uhakika kabisa. Alipofumbua akaona, alitikisa kichwa. Nyuzi zilikuwa zimefika, lakini baadhi zilikuwa zimeingia nyumba za jirani, na ubongo ulikuwa bado unazipokea kwa majina ya zamani. Dawa, tuliambiwa, ni moja tu. Aguse akiona, afumbe macho aguse tena, aukumbushe ubongo kwa maneno: hiki ni cha kwanza, hiki ni cha kati. Mke wangu aliifanya kazi hiyo akikamua ng'ombe, akimenya viazi, akiwa kanisani wakati wa mahubiri. Nilimwona midomo ikicheza, nikadhani anaomba. Alikuwa anavifundisha vidole majina.

Hakuna mtu aliyemsimamia. Hakuna aliyempa alama. Nimefundisha miaka mingi na sijapata mwanafunzi aliyesoma kwa bidii kama ile.

Siku aliyorudi kwenye chai hakutuambia. Nilitoka shuleni nikamkuta katikati ya mstari wa kwanza, karibu na nyumba, kikapu mgongoni, karibu kitupu. Alikuwa anachuna chipukizi moja moja, akitazama kila moja, kama mwaka ule wa kwanza. Niliweka vitabu chini nikasimama mwisho wa mstari.

"Njoo," alisema. "Shika hii."

Alinipa kichomozi, ile sindano changa ya katikati ambayo bado haijafunguka kuwa jani.

"Ina manyoya," alisema.

Niliipapasa. Sikusikia kitu. Niliileta karibu na macho, nikaiona kwenye mwanga wa jua: vinyweleo vyeupe, vidogo sana, vimelala kuelekea nchani.

"Miaka yote nimechuna," alisema, "na sikuwahi kujua ina manyoya. Mkono ulikuwa unakimbia tu. Sasa unauliza kila kitu jina lake."

Alifumba macho akapapasa nyingine, polepole, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza zaidi ya kusema kwamba niliondoka nikaenda kufunga ndama ambaye hakuhitaji kufungwa.

Mwaka uliofuata, mada ya neva ilipofika, nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa nikamwalika darasani. Alivaa nguo yake ya kanisa. Sikuchora mshumaa. Aliketi mbele akawaonyesha wanafunzi kovu, kisha akawaruhusu wampime kwa kibanio cha nywele kilichofunguliwa, ncha mbili. Kwenye kidole kidogo alizitambua ncha mbili hata zilipokaribiana sana. Kwenye kidole cha kwanza ilibidi ziachane ndipo ajue ni mbili. Wanafunzi wakajipima wao kwa wao, vidoleni, mkononi, mgongoni, wakashangaa jinsi mgongo ulivyo mjinga. Msichana mmoja wa nyuma aliuliza kama bado inauma.

"Wakati wa baridi inauma sana," mke wangu alimjibu. "Na nikiumwa nafurahi. Usimwambie mtu, atasema nimechanganyikiwa."

Mkono wake haukurudi kama zamani. Kasi yake ilirudi karibu yote, lakini mpaka leo hawezi kufunga kifungo kidogo cha shati bila kukitazama, na sindano ya kushonea anaishika kwa kushoto. Kwenye kituo cha majani, karani akimwaga kikapu chake juu ya gunia, hukuti jani gumu hata moja, kwa sababu ameyasikia yote.

Mama wa mazoezi alituita mara moja baadaye, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Alikuwa na mgonjwa aliyekataa mazoezi, kijana fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mkono umekatwa na bati. Alikuwa amegeukia ukuta. Mke wangu aliketi kando ya kitanda bila kumsalimia kwa mkono.

"Watu wanakuambia neva itapona," alisema. "Mimi sikuambii hivyo. Nakuambia itafika. Itafika imechelewa, imechanganyikiwa, ina hasira. Lazima ikukute nyumbani."

Kijana aligeuka. "Na isipofika, mama?"

"Basi utanitafuta unitukane. Naishi barabara ya Bomet. Haya, leta mkono."

Tulipotoka nilimwambia kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sijasikia mtu akifundisha vizuri hivyo. Alisema asante. Kisha akanipa mkoba wake niushike, kwa sababu kulikuwa na mwanamke anauza viazi vizuri kando ya geti la hospitali, na alitaka kuvichagua mwenyewe, kwa mikono yote miwili.